Reli ya Migori hadi Homa Bay

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vifaa vya ujenzi pale Migori kununua misumari ya mabati. Mwenye duka alikuwa anamkatia mteja mwingine waya mnene, ule waya mpya unaokuja umekunjwa mviringo na kupakwa mafuta ili usipate kutu. Harufu ya yale mafuta ilinifikia kabla sijasema nataka nini. Nikasimama. Mwenye duka akaniuliza mara mbili, "Mama, nikusaidie na nini?" Na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wa sekondari, nikashindwa kulikumbuka neno misumari.

Ninyi mliokuwa watoto nilipokuwa mtoto mtanielewa nikisema kwamba hakuna aliyetueleza kitu. Watu wazima walinyamaza tulipoingia, nasi tukamalizia wenyewe yale waliyoyakatiza. Mara nyingi tulimalizia vibaya.

Nilizaliwa Nakuru, kwenye landhi za reli, zile nyumba za mstari walizopewa wafanyakazi. Kazi ya baba ilikuwa kubadilisha njia: treni ikikaribia stesheni, yeye ndiye aliyevuta wenzo mrefu wa chuma ili iingie njia inayotakiwa. Landhi ilikuwa na watu wa kila kabila, na sisi watoto tulikuwa na lugha moja, Kiswahili. Baba na mama walikuwa Wajaluo, lakini hata ndani ya nyumba tuliongea Kiswahili, na sikuona ajabu. Nilimjua kila dereva wa treni kwa jinsi anavyopiga honi.

Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Niliambiwa ni kifua. Mwaka uliofuata baba akaacha kazi, tukafunga vitu vyetu, tukaja nyumbani kwao, kijiji kilicho kando ya barabara kati ya Migori na Rongo, mahali ambapo reli haijawahi kufika na hakuna aliyekuwa akiingoja. Siku ya kwanza niliuliza stesheni iko wapi. Baba akanionyesha mashamba ya miwa, na nyuma yake vibanda vya kukaushia tumbaku vikifuka moshi.

"Hapa hakuna," akasema.

Mimi nilipouona ule moshi nilidhani ananitania.

Nyumbani tulimkuta Dani, ndivyo Wajaluo tunavyomwita nyanya, mama mzazi wa baba. Dani alikuwa na maneno matatu ya Kiswahili: kuja, kula, lala. Kwa maneno hayo matatu alinilea vizuri kuliko wengi walivyolelewa kwa lugha nzima. Lakini huwezi kumweleza mtu wa maneno matatu kwamba umemkumbuka mama yako. Nikawa namkumbuka kimya kimya, nikisongwa na moshi wa jikoni, na Dani akiniona nafuta macho anasogeza kuni.

Shuleni ilikuwa vibaya zaidi. Mwalimu alifundisha madarasa ya chini kwa Kijaluo, na mimi nilikaa kwenye dawati la nyuma nikitazama midomo. Wakati wa mapumziko watoto waliunda duara lao la kuruka kamba, na nilipokaribia, duara lilihama. Halikuvunjika wala hakuna aliyenisukuma. Lilihama tu hatua kumi, kama kuku wanavyohama ukipita. Nikajiambia ni kwa sababu sijui lugha yao. Hiyo ilikuwa sababu ya kutosha kwa mtoto wa miaka tisa, na sikutafuta nyingine.

"Baba, nifundishe Kijaluo," nikamwomba.

"Utajua tu. Hakuna haraka."

"Watoto hawataki kucheza na mimi."

"Cheza na mimi," akasema.

Miezi ya kwanza baba alikaa tu kwenye kiti chini ya paa la nyumba, akiwa amevaa koti la kazi hata jua likiwaka. Kisha siku moja akaenda Migori, akarudi na kibunda cha waya mnene kama ule wa dukani begani, mikono na kola vimejaa mafuta. Alinukia kama Nakuru. Nilimkumbatia nikanusa ile kola mpaka akacheka. "Wacha, utachafuka," akasema. "Kesho tunaanza kazi."

Nyuma ya jiko la Dani kulikuwa na bustani ya sukuma na viazi, nayo iliteremka taratibu kutoka mlangoni mwa jiko hadi kwenye ua wa minyaa uliotutenga na njia ya watu. Baba aliutembea ule mteremko mara kadhaa, akichuchumaa na kufumba jicho moja. Kisha akachora mstari kwa jembe, ukapita kando ya sukuma, ukauzunguka mpapai, ukaishia karibu na ua. Kwa mataruma, zile mbao za kulalia reli, tulikata mabanzi tuliyoyaokota kwa wapasua mbao. Waya ndio ukawa reli. Tuliunyoosha kwa kuugonga juu ya jiwe, kipande kwa kipande, na mpaka leo nikisikia chuma kikigongwa juu ya jiwe nageuka.

Magurudumu yalitupa shida wiki nzima. Mwishowe baba akamwendea fundi cherehani sokoni, akaja na vile vibomba vya plastiki vinavyobaki uzi ukiisha, vyembamba katikati na vipana kwenye miisho. Kibomba kimoja kilikalia reli zote mbili, na miisho yake mipana ikakizuia kisitoke. Mabehewa yalikuwa makopo ya mafuta ya kupikia. Injini ilikuwa kopo la kakao, tukalijaza kokoto ili liwe na nguvu ya kuteremka.

Mara ya kwanza injini ilifika kwenye kona ya mpapai ikaanguka. Mara ya pili hivyo hivyo. Nikalia. Baba akalala kifudifudi kwenye udongo, akaweka shavu chini, akasema, "Wewe kuja uone. Treni ikipinda inataka kukimbilia nje. Kwa hivyo hii reli ya nje tunaiinua kidogo, inalala ndani kama mtu wa baiskeli." Akachomeka vijiwe chini ya mataruma ya upande wa nje. Tukaiachilia tena. Kopo la kakao likaingia kwenye kona likiinama, likatoka upande wa pili likikimbia, na sote wawili tukapiga kelele mpaka Dani akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi.

Tulikuwa na stesheni tatu. Juu, mlangoni mwa jiko, ilikuwa Migori. Kwenye mpapai, Rongo. Chini kabisa baba alichimba shimo akazika karai kuukuu tukalijaza maji, likawa ziwa, na pale reli ilipoishia kando ya karai ikawa Homa Bay. Aliandika majina kwa mkaa kwenye vibao.

"Baba, ile ya kweli itakuja lini?"

"Ile gani?"

"Treni ya kweli. Ya Migori."

"Tumalize hii ndogo kwanza," akasema. "Halafu tutaona."

Nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa. Ndiyo maana tulitoka Nakuru, nikajiambia; baba ametumwa kuleta reli huku, na hii ya bustani ni ya kupimia. Kila kitu kikakaa mahali pake: ule ukimya wake, zile safari za kwenda Migori na Homa Bay akirudi na karatasi ndani ya bahasha ya kaki ambazo sikuruhusiwa kuzigusa. Zilikuwa ramani. Nikasimama mbele ya darasa siku ya kueleza habari zetu, nikasema kwa Kiswahili kwamba reli inakuja na baba yangu ndiye anayeipima. Darasa lilicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Tangu siku hiyo waliniita *nyar reli*, binti wa reli. Nililipenda lile jina. Angalau walikuwa wamenipa jina.

Baba alikuwa akichoka upesi. Mwanzoni alifanya kazi akiwa amechuchumaa, kisha akawa anakalia ndoo iliyopinduliwa, kisha Dani akamtandikia mkeka kivulini na akawa anaongoza kutoka pale, amejiegemeza kwa kiwiko, ana kitambaa chekundu na kitambaa cha kijani. Nikasema moyoni, amepanda cheo. Stesheni masta habebi mizigo. Alipotoboa tundu jipya kwenye mshipi wake kwa msumari wa moto, nilimwomba anitobolee na mimi wangu.

Watoto wa njiani walikuja kutazama. Niliona macho yao kati ya minyaa, na treni ikiipita Rongo bila kuanguka nilisikia wakishangilia. "Kujeni!" niliwaita. "Kujeni tucheze!" Macho yakatoweka.

Basi nikaamua kujifunza mwenyewe. Nilimfuata Dani jikoni nikimwonyesha kitu baada ya kitu, naye akanitajia. Moto. Maji. Samaki. Paka. Alifurahi kama mtu aliyekuwa akingoja. Tulianza na vitu, tukaingia kwenye kazi, na kufikia wakati wa kuvuna karanga niliweza kumwelewa Dani akiongea polepole. Baba sikumwambia. Nilitaka kumshangaza.

Siku moja nikasimama kwenye ua, nikasema ile sentensi niliyoifanyia mazoezi siku tatu: "*Biuru watugi.*" Njooni tucheze.

Kisha sauti ya msichana ikacheka. Akapenya kati ya minyaa akiwa ameziba macho asiingiwe na utomvu. Aliitwa Awino, tulikuwa naye darasani, alikuwa na pengo la meno mawili mbele.

"Mimi naweza kushika?" akauliza kwa Kiswahili cha shule, akinyooshea kidole injini.

Nikamwambia yeye ni wa Homa Bay na mimi wa Migori. Reli yetu ilihitaji watu wawili tangu mwanzo. Mmoja wa kuiachilia juu, mmoja wa kuipokea chini isitumbukie kwenye karai. Awino alipiga magoti kando ya ziwa, akapokea, akaweka majani ya viazi ndani ya mabehewa kama mzigo, akavuta kamba kunirudishia. Baba alikuwa mkekani akipunga kitambaa chake cha kijani. "Migori, njia ni nyeupe!" alipaza sauti. "Homa Bay, jitayarishe!" Awino alicheka na lile pengo lake. Sikumbuki mchana mwingine wa utoto wangu uliokwenda haraka vile.

Dani alituletea uji. Kikombe cha baba kilikuwa kimejaa, naye akamnyooshea Awino. "Kunywa wewe, mgeni," akasema. Awino akashika kikombe kwa mikono miwili.

Hapo ndipo mama yake alipofika. Alikuja kwa mlango wa mbele akipiga hatua ndefu, akakinyakua kile kikombe, akaumwaga uji kwenye sukuma na kukitupa chini. Akamshika Awino mkono. Aliongea kwa Kijaluo, haraka, sauti ikitetemeka, na mimi nikasimama pale Migori na injini mkononi, nikaelewa kila neno bila kujitahidi. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Alisema: "Si nilikukataza? Nyumba hii ina kifo. Huyu amekuja na ugonjwa uliomuua mke wake, na atamwachia yule mtoto, kama hajamwachia tayari. Nani hajui? Kijiji kizima kinajua."

Wakaenda. Dani aliinama akaokota kikombe. Baba hakumtazama mama Awino hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umesikia?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Nimesikia."

"Yote?"

"Yote."

Akakunja kile kitambaa cha kijani mara mbili, tatu, mpaka kikawa kidogo kama kipande cha sabuni. "Nani amekufundisha?"

"Dani."

"Umejua haraka sana," akasema.

Nikaja nikakaa kwenye ukingo wa mkeka wake. "Baba, utakufa?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe hapana."

"Unajua aje?"

Upande wa pili wa ua watu walikuwa wakipita kutoka sokoni, wakiongea, na sasa niliwaelewa wao pia. "Sijui," akasema. "Naomba tu."

Nikamwuliza kama reli ya kweli inakuja. Akatikisa kichwa. Hiyo ndiyo iliyoniliza, mtanisamehe. Yale mengine yalikuwa makubwa mno.

Nilimkasirikia kwa siku kadhaa kwa kuninyima lugha yake. Ilinichukua miaka kuelewa. Katika boma lile, na njia ile, na soko lile, kila aliyemtazama alimwona maiti anayetembea, na aliwasikia wakisema. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui. Kwangu alikuwa fundi wa reli aliyechafuka kola. Alijua nikijua Kijaluo nitasikia, na alitaka hayo yachelewe kadiri inavyowezekana. Nami nilikuwa naharakisha kujifunza, nikidhani namletea zawadi. Kama mnashangaa kuhusu mimi, nilipimwa nikiwa msichana mkubwa, na sikuwa na ugonjwa ule.

Awino hakurudi. Mvua za masika zikaanza na baba akaacha kutoka nje. Kitanda chake kilikuwa upande wa ukuta uliopakana na bustani. Nikitoka shule niliendesha treni peke yangu: niliiachilia Migori, nikateremka mbio kandokando yake, nikaipiku penye mpapai, nikaipokea Homa Bay huku nimepiga magoti kwenye tope. Kisha nikapaza sauti, "Imefika!" Na baba aligonga ukuta kwa ndani, mara mbili. Hapo niliirudisha juu kwa kamba na kuanza upya. Watoto hawakuchungulia tena, au labda walichungulia, sikutazama.

Kuna siku niliita "Imefika!" na ukuta haukujibu. Nikafikiri amelala. Nikairudisha Migori, nikaiachilia, nikakimbia nayo, nikaita kwa sauti kubwa zaidi. Nikafanya hivyo mara ya tatu. Nilikuwa nimekwisha kujua, lakini nikiwa njiani kati ya Migori na Homa Bay nilikuwa bado sijaambiwa. Dani akatoka ndani na mikono kichwani. Alisema maneno manne kwa Kijaluo. Nikajifanya sijaelewa. Nikaivuta treni nikairudisha juu.

Watu walikuja wengi, hata wale waliokuwa hawatusalimii. Msiba wa kwetu ni watu, na watu hula, na chakula hutaka moto. Wanawake waliweka masufuria yao kule nyuma, bustanini, mahali palipokuwa na nafasi. Hawakujua. Mmoja alikuta zile mbao ndogo zimejipanga kwenye udongo, zimekauka vizuri kwa jua la siku mbili zile, akaanza kuzing'oa na kuziingiza chini ya sufuria ya maharagwe. Nilisimama nikitazama reli ikiisha kuanzia Migori mpaka Rongo. Ningeweza kusema neno, na sasa nilikuwa nalijua kwa lugha zote mbili. Sikusema. Mama Awino alikuja na kapu la unga kichwani, akanivuta kifuani pake akalia kwa kweli, machozi yake yakaniangukia shingoni, na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Baada ya watu kutawanyika tulibaki wawili, mimi na Dani. Shuleni duara liliacha kuhama, taratibu, na nikajifunza kuruka kamba. Lakini mchana wa Jumamosi nilikaa na Dani, tukipukuchua mahindi kwenye mkeka. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu kifo cha mwanawe. Siku moja, bila kuinua macho, akaniuliza:

"Kile kitu mlichokuwa mkitengeneza na baba yako. Kilikuwa nini?"

Nikashangaa. Alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko miezi yote ile, stesheni ya Migori ikiwa miguuni pake, na hakujua. Hakuwahi kuona treni maishani mwake. Tulikuwa tumeongea Kiswahili mbele yake kila siku. Nikamweleza kadiri nilivyoweza, nikitumia magunzi kama mabehewa.

Akasikiliza. "Alikuwa akicheka sana na wewe," akasema. "Mimi alikuwa haniambii kitu. Akiingia ndani alikuwa anageukia ukuta. Nilikuwa nawasikia huko nje mnacheka, nasema, laiti ningejua wanacheka nini."

Tukapukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye sinia.

"Na mimi," akauliza, "alikuwa akisema nini juu yangu?"

Nikatafuta. Nilitafuta kwa bidii, nikipita kwenye kila mchana mmoja mmoja, na juu ya Dani baba hakuwa amesema kitu ila "usimsumbue Dani" na "mpelekee Dani kikombe." Tulikuwa tumeongea habari za reli. Dani alikuwa ameshikilia gunzi, haligeuzi.

"Alisema," nikamwambia, "hakuna mahali popote alipowahi kulala vizuri kama hapa kwako."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa Kijaluo, na sikukosea neno hata moja.

Dani aliliweka gunzi chini. Akafuta mikono yake kwenye leso, mmoja kisha mwingine.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena.